Mwalimu Chokaa na Namba Aliyoifuta

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza Baba yetu, tunawashukuru. Nitasoma nikiwa nimekaa. Wanaonijua wanajua sababu, na wasioijua wataijua kabla sijamaliza.

Baba aliacha kurasa tatu za daftari alizoandika kwa mkono wake mwezi Mei mwaka huu. Mbili za kwanza ni tarehe na mambo ya kawaida, na amezipanga vizuri kiasi kwamba kazi yangu imekuwa kunakili tu na kuongeza chumvi kidogo. Juu ya ukurasa wa tatu ameandika: "Asome mtoto wangu wa pili. Asiuruke huu." Baba Mdogo, ambaye alikuwa karani wa mahakama na anajua jinsi karatasi inavyoweza kumtia mtu matatani, alishauri ukurasa huo uachwe. Alisema, "Mtu hasomewi makosa yake akiwa amelala hana la kujibu." Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Shemeji, mume alikuwa wangu. Alichoandika kisomwe kama kilivyo." Basi kimechapishwa chote, na nitakisoma chote, ingawa nakiri kwamba ukurasa huo wa tatu umenikosesha usingizi wiki nzima.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1948, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, mstari wa nne, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji. Baba yake alikuwa mchochea boila. Kazi yake ilikuwa kulisha moto kwa makapi ya miwa, kwa muda wa saa nane kila zamu, bila kuuacha ushuke hata kidogo. Marehemu alipokuwa na umri wa miaka saba alikuwa akimpelekea baba yake chakula cha mchana, na siku moja akiwa amesimama mlangoni pa boila aliuliza, "Boila inakula makapi, inatoa moto. Na wewe unakula. Moto wako uko wapi?" Babu alifuta mkono kwenye suruali, akauchukua mkono wa mtoto na kuuweka shingoni mwake, kwenye jasho. Alisema, "Huu hapa. Pima." Marehemu alituambia kisa hiki labda mara mia mbili, na kila mara shingo ya Babu ilizidi kuwa ya moto.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja, nayo ilitoka kazini kwa Babu: boila haina kupumzika. Mtoto aliyekaa kitako mchana aliulizwa anaumwa nini. Nataja hili kwa sababu tutalihitaji mbele.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya kiwanda kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, kisha sekondari hadi 1969, na chuo cha ualimu kuanzia 1970 hadi 1972. Akiwa kidato cha pili alijifunza kwamba kila seli ya mwili ina vijiboila vyake vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa mitokondria, vinavyounguza chakula pasipo mwali wala moshi mweusi. Alikimbia nyumbani kumweleza baba yake. Babu alifikiri, akauliza, "Na nani anachochea?" Akajibiwa hakuna, vinajichochea vyenyewe mchana na usiku. Babu akatikisa kichwa. "Basi muda si mrefu vitazimika hivyo." Marehemu alisema swali la Babu ndilo lililomfanya awe mwalimu, kwa sababu alitumia miaka iliyobaki akitafuta namna ya kulijibu.

Alianza kazi tarehe 8 Januari 1973 na kustaafu tarehe 31 Desemba 2008, miaka thelathini na sita katika shule moja na chumba kimoja cha maabara. Chumba hicho kilikuwa na sinki sita na bomba moja lililofanya kazi, madirisha yaliyoegemezwa kwa matofali yasijifunge, na kiunzi cha mifupa kisicho na mkono wa kushoto. Somo lake la kwanza kila mwaka lilikuwa lile lile. Alimwita mwanafunzi mbele, akampa mrija na bilauri ya maji ya chokaa, maji maangavu kabisa, akamwambia apulize taratibu. Maji yakageuka kuwa kama maziwa. Hapo Mwalimu alisema, "Hicho ni chakula chako cha jana. Ulikila, seli zako zimekiunguza, na huo ndio moshi wake." Ndipo jina la Mwalimu Chokaa lilipotokea, na naona wengi hapa mnatabasamu kwa sababu mmewahi kupuliza. Mwaka mmoja msichana mmoja alisema, "Mwalimu, mimi jana sikula." Alimjibu palepale, "Basi hicho ni cha juzi, ulichokiwekea akiba." Baada ya kipindi alimpeleka kwa Mama akale mkate, na hakumwambia mtu. Mama ndiye aliyetuambia juzi.

Naomba niwasomee alivyolieleza somo lake kubwa, kwa kuwa aliliandika ukurasa wa pili na kuna walioketi hapa waliolifeli. "Anayekula si tumbo. Tumbo ni jiko la kukatakata tu. Anayekula ni seli. Chakula cha wanga kikishasagwa huwa sukari, damu huibeba sukari mpaka mlangoni pa seli. Ndani, sukari hukatwa vipande viwili kwanza, na hapo seli hupata nguvu kidogo tu, lakini huipata haraka. Vipande hivyo huingia kwenye mitokondria, na huko, kwa msaada wa hewa ya oksijeni mliyoivuta sasa hivi, huvunjwa polepole, hatua kwa hatua, ili nguvu isitoke yote kwa mpigo na kuwaunguza. Nguvu hiyo hufungwa katika vifurushi vidogo viitwavyo ATP. Kila mkikunja kidole, mkikumbuka jina, moyo ukipiga, vifurushi vinafunguliwa. Mwilini mna vifurushi vya kujaza kiganja tu. Lakini hufunguliwa na kufungwa upya mara nyingi kiasi kwamba, mkivijumlisha vya siku nzima, uzito wake unakaribia uzito wenu wenyewe. Kwa hiyo msiniambie hamjafanya kazi leo."

Sentensi hiyo ya mwisho aliwaambia wanafunzi wake kila mwaka. Nyumbani hatukuisikia.

Tarehe 18 Desemba 1976 alimuoa mama yetu, mwokaji mikate. Walijuana alipokwenda dukani kwake kununua hamira ya kufanyia jaribio. Alimweleza kwa dakika ishirini, watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yake, kwamba hamira ni kiumbe hai, kwamba hula sukari na kutoa hewa, na kwamba hewa hiyo ndiyo inayouinua unga. Mama alimpa hamira yake akasema, "Mimi naamka nayo kila siku alfajiri. Ingekuwa imekufa ningekuwa wa kwanza kupata habari." Alirudi wiki iliyofuata kununua nyingine. Mama anasema hakuna shule duniani inayotumia hamira kiasi kile. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu, fundi wa mafriji, aliyezaliwa 1978, na mimi, fundi saa, niliyezaliwa 1981.

Sasa ukurasa wa tatu.

Nilikuwa mtoto mzito. Shule ilikuwa mwendo wa nusu saa, na Baba alitutembeza kila asubuhi. Tukifika ukuta wa kiwanda cha magodoro, mita mia tatu tu kutoka nyumbani, miguu yangu ilikuwa imekuwa mawe. Nilisimama. Kaka yangu akaniita Mama Vituo, na jina likanishika mpaka leo. Baba alisubiri ameangalia saa. Halafu tukiendelea taratibu, baada ya kama dakika kumi, miguu ilifunguka, nikatembea vizuri kuliko wao, wakati mwingine nikawaacha nyuma. Hilo ndilo lililomkera. Alisema, "Unaona? Ukitaka unaweza." Kwake huo ulikuwa ushahidi uliokamilika kwamba najifanya. Mtu mgonjwa huanza vizuri akachoka. Mimi nilianza nimechoka nikaishia vizuri, na hakuna mgonjwa wa namna hiyo kwenye kitabu chake.

Nikiwa kidato cha tatu niliketi darasani mwake. Nawasomea alivyoandika, neno kwa neno.

"Tarehe 11 Machi 1997, kipindi cha tatu, nilifanya jaribio la uchovu wa misuli. Kila mwanafunzi alipewa kibanio cha nguo, akakifungua na kukifumba kwa vidole kwa dakika mbili, tukahesabu. Wanafunzi thelathini na tisa walipata kati ya 140 na 210. Binti yangu alipata 43. Alisimama, vidole vikiwa vimejikunja, akasema, 'Mwalimu, havifunguki.' Darasa lilicheka. Mimi nilidhani ananiaibisha mbele ya wanafunzi wangu. Nilichukua kalamu nyekundu nikafuta 43, nikaandika pembeni: Hakujitahidi, haihesabiwi. Kisha nikamwamuru akimbie kuzunguka uwanja mara mbili. Alikimbia, kwa sababu alikuwa ananiogopa. Jioni mkojo wake ulikuwa rangi ya chai ya rangi. Alilazwa siku tano. Walisema ni figo, na ni kweli zilikuwa figo, lakini hakuna aliyeuliza figo zilidhuriwa na nini. Na mimi, mwenye maabara, sikuuliza."

Hapo ameacha mstari mmoja mtupu, kisha anaendelea.

"Miaka thelathini na sita niliwafundisha watoto wa watu kwamba matokeo hayafutwi kwa sababu hayapatani na kitabu. Niliwapunguzia alama waliofuta. Matokeo pekee ya ajabu niliyowahi kupata maishani mwangu yalikuwa mezani kwangu, yakiwa na jina langu la ukoo, nikayafuta. Naomba yarudishwe. Ni 43."

Huo ndio ukurasa wenyewe. Unaishia hapo.

Mimi niliondoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na tisa, nikachagua kazi ya kukaa. Saa hazimkimbizi mtu. Katika miaka minane ya mwanzo nilikuja nyumbani mara nne, na mara zote nne nilikuja Baba akiwa kazini, jambo ambalo sikulifanya kwa bahati mbaya. Septemba 2012 nilikuwa nahama chumba, nikasukuma kabati, na usiku huo mkojo ukarudi ile rangi. Mama alikuwa na kazi ya mikate ya harusi, kwa hiyo aliyekuja hospitalini ni Baba. Alikaa kwenye kona na kofia yake magotini. Daktari wa misuli, mama mmoja mpole mwenye sauti ndogo, alinipa mpira nikaubana kwa dakika moja, akachukua damu mkononi mara kadhaa. Mtu yeyote akibana misuli hivyo, damu huchachuka kidogo kutokana na ile sukari inayovunjwa kwa haraka. Yangu haikubadilika hata chembe. Daktari akaniuliza, "Ukianza kutembea inakuwaje?" Nikasema nachoka mara moja. "Halafu ukipunguza mwendo ukaendelea?"

Kabla sijafungua kinywa, sauti ikatoka kwenye kona. "Baada ya dakika kumi anakuwa kama si yeye."

Daktari akageuka. "Umejuaje, mzee?"

"Nilikuwa namwona kila asubuhi," Baba alisema. "Nilidhani ananidanganya."

Kofia ilimdondoka, na hakuiokota. Nimemwona Baba akizika wazazi wake wote wawili, lakini sijawahi kumwona uso ukimshuka kama siku ile. Na nitasema ukweli, maana yeye ameusema wake: nilifurahi. Nilifurahi sana, na furaha ile ilikaa nami muda mrefu kuliko inavyofaa.

Ugonjwa wenyewe Baba alinieleza vizuri kuliko daktari. Kila msuli una ghala la sukari, iliyofungwa katika minyororo mirefu, kwa ajili ya kuanzia kazi. Ili sukari itoke, inahitajika kimeng'enya cha kukata mnyororo, yaani mkasi. Mimi nimezaliwa bila mkasi. Ghala langu limejaa pomoni, na msuli unakufa njaa mlangoni pake. Baada ya dakika kumi damu huwa imeleta sukari kutoka kwenye ini, na mafuta pia yameanza kuunguzwa, ndipo miguu inafunguka. "Mimi na mama yako kila mmoja alikupa maelekezo ya mkasi yenye kosa," alisema. "Yangu mabovu, yake mabovu, hukuwa na pa kunakili." Dawa ni kuanza taratibu, kunywa kitu chenye sukari kabla ya kazi, na kupumzika pale mwili unaposema. Baba hakuwahi kulitamka neno hilo, kupumzika, kwa mtoto wake kama ruhusa. Alilitamka siku ile kwa shida, kama mtu anayejaribu lugha ya kigeni, halafu akalifanyia mazoezi. Mwisho wake akawa kero. Nikinyanyuka tu kuchukua chumvi mezani, anasema, "Pumzika kwanza."

Mwezi Februari 2021 moyo wa Marehemu uligunduliwa kuwa umedhoofika. Alipata matibabu mazuri, na tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana hakuwa mgonjwa rahisi. Muuguzi mmoja alinieleza kwamba alimweka nusu saa akimfafanulia kwa nini anachoka. "Boila zangu zote nzima," alimwambia, "na makapi yapo. Ila feni ya kuleta hewa ndiyo imechoka." Muuguzi alimjibu, "Haya Mwalimu, na mimi miguu yangu imechoka, niruhusu nikae." Alimpa kiti chake cha wageni akaendelea kufundisha.

Nilirudi nyumbani kumuuguza, na ndipo tukatembea tena pamoja. Kutoka mlangoni hadi getini ni hatua sitini na mbili, na kaka yangu aliweka benchi katikati. Kila asubuhi tulikwenda, mimi miguu yangu ikiwa bado haijafunguka, yeye pumzi ikiwa haimtoshi, mwendo wetu mmoja kwa mara ya kwanza maishani. Tulikaa kwenye benchi mpaka tuwe tayari, kisha getini, kisha kurudi. Wapita njia walidhani tunamsubiri mtu.

Alhamisi tarehe 15 Agosti tulikuwa kwenye benchi hilo aliponiuliza. Hakunitazama. Alikuwa akilitazama geti. "Ile namba," alisema, "umeshanisamehe?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu miaka mingi, tangu Pumzika Kwanza ya mia mbili hivi. Lakini mimi ni mtoto wa Mwalimu Chokaa, na nilitaka asubiri kidogo, kama alivyonisubirisha. Nikamwambia, "Nitakujibu tukifika getini."

Akacheka. "Haki yako," alisema. Tukasimama, akaenda hatua nne, pumzi ikamkatikia, tukarudi ndani. Ijumaa hakuweza kutoka. Jumamosi hakuweza kutoka, na mimi niliketi kando ya kitanda chake mchana kutwa nikingoja apate nguvu ya kwenda getini, kana kwamba jibu lisingeweza kutamkwa mahali pengine. Hilo ndilo kosa langu, na nimeliweka hapa kando ya lake. Alifariki Jumapili tarehe 18 Agosti 2024, saa moja na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Mama alikuwa amemshika mkono. Niliuweka wangu shingoni mwake, na palikuwa bado pana joto.

Marehemu ameacha mke, watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu, ndugu wawili, akiwemo Baba Mdogo ambaye ninamshukuru kwa kunyamaza mpaka hapa, na wanafunzi ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. Ameacha pia daftari la majaribio la mwaka 1997. Nimelifungua jana mezani kwangu, nikaandika 43 juu ya wino wake mwekundu, kwa kalamu ya bluu, na pembeni nikaandika: Inahesabiwa.

Baba, leo asubuhi kaka na wenzake walikubeba kutoka mlangoni. Mimi nilitembea nyuma. Kwenye benchi nilikaa, na wakasimama na jeneza wakanisubiri, watu sita wenye mzigo mabegani, wala hakuna aliyeangalia saa. Kisha tukaenda. Tumefika getini, Baba. Nimeshakusamehe, zamani sana.

Sasa pumzika. Wewe tangulia, usinisubiri. Mimi nitakuja taratibu, kama kawaida yangu.